Watu Watatu Ndani ya Mtu Mmoja

Ninyi mlio darasani, fuateni maneno katika karatasi zenu ninaposoma.

Leo tutajifunza habari za sonona. Sonona si huzuni ya siku moja. Ni ugonjwa. Mgonjwa hukaa majuma mawili au zaidi bila furaha. Usingizi humpotea, au hulala mno. Chakula hakimpendezi. Hujiona hafai kitu. Jamaa wengine humwita mvivu, na maneno hayo humwongezea mzigo.

Sonona hutibiwa kwa dawa, na pia kwa mazungumzo. Nitaeleza njia moja ya mazungumzo. Aliyeianzisha ni daktari Eric Berne, aliyezaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1910, akafanya kazi California, Marekani. Mwaka 1961 aliieleza njia hiyo katika kitabu. Alipenda maneno mepesi, ili mgonjwa na daktari waelewane.

Berne alisema kwamba ndani ya kila mmoja wetu mna kama watu watatu. Wa kwanza ni Mzazi. Huyu hubeba maneno ya wazee waliotulea: ya upole, kama "Pole, mwanangu," na makali, kama "Hufai wewe!" Wa pili ni Mtoto. Huyu hubeba furaha, hofu na machozi ya utoto wetu. Wa tatu ni Mtu Mzima. Huyu hagombi wala halii. Hutazama mambo yalivyo, akauliza, "Je, ni kweli?"

Kwa mwenye sonona, mara nyingi Mzazi mkali hugomba mchana na usiku. Mtoto hulia na kukubali. Mtu Mzima hapati nafasi ya kusema.

Tuchukue mfano wa mama aliyekosa mavuno. Kila asubuhi husikia moyoni: "Wewe mvivu! Umewatia wanao njaa." Basi hashiki jembe tena. Mshauri hamwambii, "Jikaze." Kwanza hupatana naye juu ya jambo analotaka libadilike. Mama anasema anataka kurudi shambani. Kisha mshauri huuliza:

"Maneno hayo uliyasikia kwa nani zamani?"

"Kwa shangazi aliyenilea."

"Mwaka huu mvua ilinyesha?"

"Haikunyesha."

"Majirani walivuna?"

"Hawakuvuna."

Hapo Mtu Mzima ameanza kusema. Mahindi yalikauka kwa jua, si kwa uvivu. Kazi hii haiishi kwa siku moja. Hurudiwa, mpaka mama aweze kuijibu sauti ile mwenyewe, na kujipa pole.

Berne alifundisha pia kwamba kila mtu anahitaji kutambuliwa na wenziwe, hata kwa salamu tu. Sisi si madaktari, lakini salamu tunayo. Mwamkie mgonjwa kwa jina lake. Keti naye. Msikilize bila kumgombeza. Umsindikize hospitali akatibiwe. Na akisema kwamba afadhali afe, msimwache peke yake hata kidogo. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Taja watu watatu aliowaeleza Berne.
2. Kwa nini "Jikaze" halimsaidii mgonjwa?
3. Ni maneno gani makali ya utotoni unayoyasikia mpaka leo? Je, ni ya kweli?