Hotuba ya Mwenyekiti: Tujenge Bila Kumaliza Miti



Miaka 10 ya kuweka na kukopa imetutoa kwenye nyasi, leo tunalala chini ya bati. Lakini niseme ukweli. Nyumba yangu niliijenga kwa mkopo wa kikundi, kwa matofali ya kuchoma. Tanuru lile lilikula miti yote ya shambani kwangu, na bado nikanunua kuni. Sasa nyumba ninayo, kuni za kupikia nazifuata mbali.

Jamani, njia ipo. Udongo unaofaa, ukipimwa kwanza, unachanganywa na saruji kidogo, unashindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayo ndiyo matofali ya kufungamana. Hayachomwi. Yanawekwa kivulini na kumwagiwa maji angalau siku 7.

Ombi langu: kabla ya mikopo ya nyumba, tununue mashine moja ya kikundi. Najua wapo wanaosubiri zamu yao, nao watachelewa kidogo. Lakini mti ukikatwa, kuupata mwingine ni miaka. Mti uliosimama nao ni akiba.