Kaa wa Ganda na Majeraha ya Vita Vyao

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Mwenzetu mmoja ameuliza swali, nami nimetakiwa nilijibu mbele yenu nyote. Mtoto wake aliokota kaa watatu ufukoni, wale wabebao maganda ya konokono, akawatia katika sanduku la kioo. Baada ya majuma mawili mmoja amekatika gando, na wa pili amekutwa yu uchi, nje ya ganda lake. Auliza: je, hawa wana ukali wa asili, na yule aliyejeruhiwa atapona?

Wenzetu wa bara ambao hawajapata kumwona mnyama huyu wajue ya kuwa mbele ana gamba gumu na magando mawili kama kaa wengine, lakini nyuma ana tumbo laini lililopindika, lisilo na kinga yo yote. Kwa hiyo hutafuta ganda tupu la konokono, akaingiza tumbo lake mle, akalibeba kila aendako. Akikua, ganda humbana, naye hana budi kuhama. Wavuvi wa pwani humtia ndoanani kuwa chambo. Katika Marekani watu humnunua na kumfuga nyumbani, hasa wa jamaa ya visiwa vya Karibi. Na wengine waliotunzwa vema wamezidi miaka 30. Karani akianza kazi leo na kaa wake mezani, huenda akachukua pensheni na kaa bado yu hai.

Sasa habari ya ukali. Kaa huyu hapigani kwa furaha ya kupigana, agombea nyumba. Wala si kila ganda lamfaa. Mwaka 2012 bingwa mmoja wa elimu ya viumbe, Mark Laidre, alitoa habari za uchunguzi wake juu ya kaa wa nchi kavu wa Costa Rica. Aliona ya kwamba kaa hao huchonga maganda yao kwa ndani, wakaiondoa ile nguzo ya katikati, hata ganda likawa jepesi na lenye nafasi. Ganda lililochongwa hivyo hupita kwa huyu na kwa yule, likarithiwa. Na ganda jipya, lililotoka kwa konokono moja kwa moja, huwa zito na jembamba ndani. Ndiyo sababu hukusanyika pamoja: kila mmoja angojea mwenziwe ahame. Mkubwa akipata ganda jema, wadogo husimama mstari kwa ukubwa wao, kila mmoja akaingia katika nyumba iliyoachwa na aliyemtangulia. Makarani tunaufahamu mstari huo, hasa nafasi ya karani mkuu ikiwa wazi.

Lakini tazameni sanduku la kaa watatu na maganda matatu. Hapo hapana nafasi wazi hata moja. Anayebanwa ana njia moja tu, nayo ni kumpanda mwenziwe, kulitikisa ganda lake, na kumvuta mpaka atoke. Basi nasema wazi ya kuwa vita vya sandukuni, mara nyingi, vimeletwa na mfugaji.

Dawa ya kwanza, kabla ya kutibu jeraha, ni maganda ya akiba. Kila kaa awekewe matatu mpaka matano, ya ukubwa mbalimbali, na mdomo wa ganda ufanane na wa lile alilo nalo, uzidi kidogo tu. Yachemshwe kwa maji, yapoe, ndipo yawekwe. Yasipakwe rangi, rangi hubanduka, naye huila. Wala nisisikie mtu ameondoka hapa kwenda kuyazoa ufukoni, maana ganda tunaloliweka mezani kuwa pambo huko ni nyumba iliyokuwa ikingojewa. Ombeni yaliyomo tayari majumbani mwa watu, au yaliyobaki jikoni.

Tena mchanga. Uwe wa kina cha inchi 6 kwa uchache, au mara tatu ya kimo cha kaa mkubwa, nao uwe na unyevu kiasi cha kushikamana ukifinywa mkononi. Kaa huyu apumua kwa matamvua, ijapokuwa yu nchi kavu, na hewa kavu humuua polepole. Kwa hiyo sanduku lifunikwe, na unyevu wa hewa uwe kama 80 kwa mia. Wekeni vyombo viwili vya maji, kimoja cha maji ya bahari na kimoja cha maji baridi yasiyo na klorini, na ndani yake jiwe la kupandia asizame. Chakula si kazi kubwa: nazi, matunda, kipande cha samaki kisicho na chumvi wala viungo, na ganda la yai lililosagwa.

Mchanga huo una kazi iliyo kubwa kuliko zote. Kaa akitaka kukua hujizika, akajivua gamba lake lote, akalala mle laini kama nyama, kwa majuma kadhaa, na mkubwa miezi miwili au zaidi. Wenziwe wakimfikia wakati huo humla. Mchanga ukiwa haba hana pa kujificha, na watu humdhania ameuawa vitani. Wengine humfukua ili kumtazama kama yu hai. Jambo hilo nalikataza kabisa. Aliyekufa hujulikana kwa harufu yake. Tena mkiona mwili mtupu karibu na ganda msiharakishe kuutupa, maana huenda ni gamba lililovuliwa, na mwenyewe hulila lote ili gamba jipya liwe gumu.

Sasa majeruhi. Aliye uchi ndiye wa kushughulikiwa kwanza, kwa kuwa asipokuwa na ganda hukauka upesi. Mtieni katika chombo kidogo chenye maji machache ya bahari, pamoja na ganda lake na mengine mawili, mfunike awe gizani, mwondoke. Msimsukume aingie. Wala asivutwe kamwe kaa aliye ndani ya ganda. Atakubali kupasuka kuliko kuachilia.

Aliyekatika mguu au gando atengwe peke yake, penye mchanga wa unyevu wa kutosha kujizika, na giza na utulivu. Mara nyingi mguu haukung'olewa na adui, bali mwenyewe ameuachilia mahali pake maalum pa kukatikia, ambapo pana utando unaoziba. Damu yake si nyekundu. Ni kama maji yenye rangi ya samawati kidogo, kwa sababu ina shaba mahali pa chuma. Matone machache yasiwatishe. Lakini msimpake iodini, wala spiriti, wala marhamu yo yote, wala msifunge kitambaa. Mpeni chakula chenye samaki, na maji yote mawili karibu.

Mahali palipokatika patachipuka kitu kama utomvu mzito unaong'aa. Hicho ni kiungo kipya. Akijivua gamba atatoka nacho, kidogo kwanza, na kitafikia ukubwa wake baada ya kujivua mara kadhaa. Aliyepoteza gando kubwa, ambalo kwa kawaida ni la kushoto, amepoteza mlango wa nyumba yake, maana ndilo alizibialo. Asirudishwe kwa wenziwe kabla hajajivua. Jeraha la tumbo lina matumaini machache. Na kaa aangushaye miguu mingi kwa siku chache, bila kuonekana vita, anaugua kwa joto, au ukavu, au uchovu wa safari. Hapo likaguliwe sanduku.

Neno moja limebaki kwa mwenye swali. Kaa hawa ni vigumu mno kuzaliwa sandukuni, kwa kuwa jike hupeleka mayai yake baharini, na watoto huelea huko kwa majuma kabla ya kurudi pwani. Karibu kila kaa afugwaye, basi, ametolewa ufukoni. Ikiwa hayo niliyoyataja hayapatikani nyumbani, wale wawili wazima wachukuliwe jioni mpaka ufuko ule ule walikookotwa, na maganda yao mgongoni. Majeruhi angoje mpaka ajivue gamba. Ila kaa aliyenunuliwa kutoka nchi nyingine asiachwe pwani yetu.

Niko tayari kuulizwa, Bwana Mwenyekiti.