Ardhi ya Makao Makuu ni ya Nani?



Sheria ya mwaka 1790 iliamua mji mkuu wa Marekani ujengwe kando ya mto Potomac, na Maryland na Virginia zikatoa ardhi. Mwaka 1801 Bunge likauweka mji chini yake, wakazi wakapoteza haki ya kuchagua wabunge. Virginia ilirudishiwa sehemu yake mwaka 1846. Waliobaki walisubiri hadi 1961 kuruhusiwa kumpigia kura Rais. Hadi leo hawana seneta. Manesi wenzangu wanaoishi humo wanakatwa kodi ya serikali ya shirikisho sawa na majirani zao wa Maryland.

Sasa twende nyumbani. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, ikaundwa CDA. Ardhi ya mji ikawa mikononi mwa mamlaka ambayo mwananchi hakuichagua. Malalamiko ya viwanja na fidia yaliendelea miaka mingi, mpaka Rais Magufuli alipoivunja mwaka 2017 na kazi zake kupewa manispaa. Mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya makao makuu.

Ndugu zangu, wengi wetu tunatuma hela za viwanja Dodoma. Kabla ya kulipa tuulize: Mgogo aliyekuwa analima pale amelipwa? Na akidhulumiwa, ni nani anaweza kumwondoa kwa kura yake? Sheria isiyojibu hayo inajenga mji na kuwaacha wenyeji nje.