Mtoto Mgeni na Kindege Chake cha Kwanza

(Maneno ya mwalimu wa kazi za mikono kutoka Osukuru, Tororo, aliyealikwa Kiryandongo kwenye kumbukumbu ya waliopitia Mulanda mwaka 2008)



Nimeombwa niseme machache kuhusu vindege. Naona wengine wanacheka: mwalimu ametoka Osukuru mpaka huku, siku ya kumbukumbu, kuja kuzungumzia michezo ya watoto! Nivumilieni kidogo.

Vindege ninavyosema vina mabawa, mkia, pangaboi puani, na mpira uliosokotwa chini ya kiwiliwili. Ukikiachia, mpira unajisokotoa, pangaboi linazunguka, nacho kinapanda chenyewe bila uzi wala betri. Hurushwa ndani ya nyumba kwa sababu ni vyepesi mno. Kwetu Osukuru, upepo ukianza kuvuma vilimani, kindege hakina maisha. Lakini ndani ya ukumbi, asubuhi kabla mabati hayajapata moto, hewa hutulia, na kindege huzunguka polepole kama mtu anayetembea.

Mwanzoni mwa 2008, baada ya vurugu za uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, watu walivuka mpaka kwa maelfu kupitia Busia na Malaba. Wengi walipokelewa Mulanda, wilayani kwetu Tororo. Siku za Jumamosi nilikuwa naenda huko kwa baiskeli, nimebeba mabua, gundi na nyembe. Nikapata wavulana sita waliokuwa na mikono myepesi kweli. Baada ya wiki chache vindege vyao vilikuwa vinagusa paa, nami nikajiona fundi mkubwa.

Siku moja akaja msichana wa miaka kumi hivi. Nikampa mchoro uleule wa wale sita, wenye mabawa marefu na vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti. Alikata na kugandisha tangu asubuhi. Alipokiinua, bawa likavunjika mkononi mwake. Wavulana wakacheka. Nami, lazima niseme ukweli, nilitabasamu, nikamwambia ajaribu tena Jumamosi ijayo. Hakurudi. Mwishoni mwa 2008 watu wa Mulanda wakaletwa huku Kiryandongo, na mimi sikupata nafasi ya kulitengeneza lile bawa. Leo ni mtu mzima. Kama yumo humu ndani, namwomba radhi.

Kosa langu lilikuwa kumpa mgeni kazi ya bingwa. Wako mabingwa duniani ambao kindege chao, pamoja na mpira wake, hakifiki gramu 2, na hukaa hewani zaidi ya nusu saa. Hiyo ni kazi ya miaka mingi. Ukimwanzishia mtoto hapo, unamfukuza bila kusema neno. Marekani, fundi mmoja aitwaye Frank Ehling alilifikiria jambo hili vizuri. Alibuni kindege cha wanaoanza ambacho mchoro wake umechapwa juu ya karatasi yenyewe ya bawa. Mtoto anapaka gundi vijiti, anavilaza juu ya mistari, akikata pembeni bawa liko tayari. Hakuna kupima, hakuna kuhamisha mchoro.

Nilipoelewa hivyo nilibadili mambo. Sasa mtoto mpya hapewi wembe siku ya kwanza. Anakuta vijiti vya ganda la bua la mtama vimekwisha kukatwa, vinene kidogo. Vinene ni vizito, ndiyo, na kindege hakitagusa paa. Lakini kikianguka hakivunjiki. Pangaboi tunalikata kwenye ubavu wa kikombe cha plastiki, kwa mshazari, ili lipate mkunjo wake. Mhimili ni waya uliopitishwa kwenye ushanga. Mpira unazungushwa mara 50 tu kwanza. Kikiinamisha pua, tunainua mkia kidogo kwa nyuma; kikiinua pua halafu kikasita, tunabandika kipande cha nta puani. Kabla ya saa sita mchana kila mtoto lazima awe amekirusha chake, hata kwa sekunde nne. Zinaandikwa jina lake pembeni, na wiki ijayo anashindana na hizo nne zake, si na sekunde za mwingine.

Anayemfundisha si yule hodari kuliko wote. Ni aliyejifunza mwezi uliopita, maana bado anakumbuka gundi ilivyomshika vidole. Na vilivyovunjika vina meza yao, karibu na mlango, ambako mimi mwenyewe hukaa.

Mnajua kisa cha akina Wright wa Marekani. Mwaka 1878 baba yao aliwaletea chombo cha kuchezea chenye kuruka kwa mpira, kilichobuniwa na Mfaransa Alphonse Pénaud. Walikichezea mpaka kikavunjika, wakaunda vingine wenyewe. Vile vikubwa havikuruka vizuri. Hatusikii kwamba mtu aliwacheka.

Hapa kwenu, tangu 2023 wamefika watoto wengi kutoka Sudan. Nimewaona leo asubuhi wakichungulia mlangoni, wenzao wakirusha vindege. Hawajui Kiswahili bado, wala kukunja karatasi hakuhitaji mkalimani. Kicheko nacho hakihitaji.

Ndugu zetu wa mashirika mmeniuliza kama mnunue vifaa kutoka nje. Hapana. Mabua yapo, vikombe vinatupwa kila siku, mipira ya kufungia noti inauzwa Bweyale. Tunachoomba ni ufunguo wa ukumbi, Jumamosi mbili kwa mwezi, kuanzia saa moja asubuhi, na madirisha yafungwe mpaka tumalize.

Mimi nitakuwapo kesho kabla ya kurudi Osukuru. Vijiti nimekuja navyo, vya watoto ishirini.