Kitabu Nilichomnyang'anya Binti Yangu

(Mazungumzo haya yalitolewa na mmoja wa wazazi mbele ya vijana wetu wa Kariokor, baada ya Sala ya Alasiri, katika Mwezi Mtukufu wa Ramadhan.)

  



Mwenyekiti wenu alinijia kibandani pale sokoni akaniambia, "Mzee, njoo utuambie unasoma vitabu gani." Nikacheka. Nikamwambia mimi ni fundi wa viatu, si mwalimu. Akasema walimu wamewasikia vya kutosha. Basi ndiyo nimekuja. Wala sitaanza na ile amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume (S.A.W.), ya kusoma. Kila anayesimama hapa huanza nayo, kisha haonekani na kitabu mkononi mpaka Ramadhan nyingine. Na mimi nilikuwa katika hao.

Ninatoka nyumbani baada ya Alfajiri, narudi Isha imeshaswaliwa. Kwa miaka mingi kitabu pekee nilichokifungua kila siku kilikuwa daftari la madeni. Msahafu ulikuwa juu ya kabati, umefungwa kwa kitambaa kizuri, haushukishwi ila mwezi huu. Hakuna aliyenilaumu. Si mtu yuko kazini?

Sasa sikilizeni. Ni zamani kidogo, binti yangu mkubwa alikuwa kidato cha tatu. Usiku mmoja wa Ramadhan nimetoka Tarawehe, nikamkuta jikoni na kitabu. Nikakichukua, nikakifungua katikati. Nikakutana na danguro, na wanawake, na ulevi. Wallahi nilihisi damu imenipanda kichwani. Nikamwambia, "Mwezi kama huu, na nyumba kama hii!" Akanijibu kwa upole, "Baba, ni kitabu cha shule. Na umesoma ukurasa mmoja tu." Sikumsikiza. Nikakifungia katika sanduku langu la ngozi na nyuzi, nikaondoka nacho asubuhi.

Kitabu hicho ni Utengano, cha Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari, kilichochapishwa mwaka 1980. Kweli kilikuwa miongoni mwa vitabu vya lazima katika sekondari zetu. Nia yangu ilikuwa nitafute machafu yote niyatie alama, kisha niende nikagombane na mwalimu. Kwa hivyo ikanibidi nianze mwanzo. Siku nne nilisoma kibandani baina ya mteja na mteja. Mama mmoja alisimama hapo na kiatu chake mkononi mpaka akaniuliza kama nimelala.

Humo mna Bwana Maksuudi, mtu mzito mjini, anaheshimiwa. Nyumbani kwake amewafungia mke na binti. Binti ni Maimuna. Haruhusiwi kutoka, haruhusiwi kuijua dunia, na baba anaamini huko ndiko kumlinda. Siku anapopata upenyo anatoroka, na kwa sababu hajui lolote la nje, analolikuta huko linammeza. Ule ukurasa niliofungua mimi ndiko alikofikia. Alikoanzia sikukuona.

Mimi si Maksuudi. Yule bwana ana mambo yake mengine ambayo naomba Mungu aniepushe nayo. Lakini lile la kufunga mlango nililijua. Binti yangu alikuwa ameniomba mara tatu aende maktaba Jumamosi na wenzake, nikakataa mara tatu bila kumpa sababu. Sikuwa na sababu. Nilikuwa nimechoka tu, na "hapana" ni jibu jepesi kwa mtu aliyechoka.

Usiku wa tano nikamrudishia. Nikamwambia, "Nimekimaliza." Akaniangalia kama hajaniamini. Akaniuliza, "Na mwisho umeuonaje?" Tukazungumza mpaka mama yake akatuita kula daku. Jamani, miaka kumi na sita nimekaa na mtoto huyu, na yetu yalikuwa ni karo, na chai iko wapi, na umeswali?

Jumamosi nikampeleka mwenyewe. Mnaoswali Ijumaa Jamia mnalijua lile jengo la nguzo nene jirani yake, Maktaba ya McMillan. Lilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Baba yangu alipita mlangoni pake maisha yake yote. Na mimi nilikuwa karibu kumzuia mjukuu wake, bila sheria ya mkoloni yeyote!

Namuona Ustadh ananikunjia uso pale mbele. Namheshimu, na simwambii ampe mtoto wa miaka kumi kitabu hiki. Nasema mzazi akisome kwanza, kisha ndiyo akatae.

Haya, orodha. Ni fupi, kwa maana muda wangu ni kurasa tano baada ya Alfajiri na chache mchana, wateja wakipungua.

Cha kwanza ni Qurani Takatifu, ile tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyotolewa hapa hapa Nairobi na Islamic Foundation mwaka 1969. Nilikuwa nakhitimu kila Ramadhan bila kujua nimesoma nini. Sasa siku hizi nasoma kidogo pamoja na maelezo yake, na mwezi ukiisha sijafika mbali. Wengine wataniambia nimepunguza thawabu. Allah ndiye ajuaye.

Cha pili ni Uwongozi, wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu. Mwaka 1930 alianzisha karatasi ya habari akaiita Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Makala za Uwongozi ni fupi fupi, mtu anamaliza moja gundi ikikauka. Zingine zina ukali, atakugombeza kuhusu uvivu na kuwaiga watu hata ujifiche nyuma ya kibanda.

Kisha Utendi wa Mwana Kupona, alioutunga mama akiwa mgonjwa, mwaka 1858, amwachie bintiye. Huu tuliusoma wawili. Binti yangu hakukubaliana na yote aliyoambiwa mke amfanyie mume, tukabishana sana. Nilishindwa katika beti kadhaa, sitawatajia ni zipi, mke wangu yuko upande wa kina mama.

Na Sauti ya Dhiki, ya Abdilatif Abdalla. Huyu alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka alioupa jina Kenya Twendapi?, akakaa jela miaka mitatu, na mashairi yake akayaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Kikachapishwa mwaka 1973. Nyinyi mna simu, mna taa, halafu mnaniambia hamna nafasi!

Cha mwisho kiko kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza changu ni cha sokoni, hukisoma na mwanangu wa kiume ananisaidia. Ni cha Geoffrey Hodges, kinaitwa Kariakor. Kinahusu wale wapagazi waliochukuliwa na Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918 wabebe mizigo ya jeshi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, ulimi wetu ukafanya Kariokor. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Nimeuza viatu miaka ishirini katika mtaa huu bila kujua naita jina la nani.

Wakati unakwenda, na futari haitungoji. Pale kibandani nina sanduku lingine sasa, la vitabu. Anayetaka aje achukue kimoja, aandike jina katika daftari lile lile la madeni, ukurasa wa nyuma. Aliyechukua Sauti ya Dhiki tangu Rajab anajijua, na namuona amekaa karibu na mlango. Kirudi kabla ya Idd.