Mbwa wa bure hulipiwa na nani?

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja anayeishi mtaa wa Umoja, hapa jijini Nairobi. Anasema wezi wameingia uani kwake mara mbili, wakaondoka na nguo zilizoanikwa pamoja na mtungi wa gesi. Mkewe akashauri watafute mbwa. Kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba kuna makao yanayookota mbwa waliotupwa na kuwapa watu wanaowahitaji, alipanda matatu Jumamosi moja akaenda huko. Mfukoni alibeba kamba ya kumletea mbwa wake.

Alirudi na kamba peke yake. Anasema alichokikuta huko ni masharti na bei. Aliambiwa alipe ada ya shilingi elfu kadhaa. Akaulizwa kama ua wake una lango linalofungwa, nyumbani kuna watoto wa umri gani, mbwa atalala wapi mvua ikinyesha, na Desemba familia ikienda mashambani ataachiwa nani. Tena akaelezwa kwamba mtu angefika kwake kupaona kabla ya yeye kukabidhiwa mnyama. "Mimi sikuwa nimekwenda kuposa," ameandika. Kisha anauliza: mbwa aliyeokotwa jaani, ambaye hakununuliwa na mtu yeyote, anauzwaje?

Swali lake ni halali, wala sitalicheka. Hapa Nairobi kuna makao ya KSPCA kule Karen, ambayo hupokea hata paka na punda, na kuna vituo vingine vidogo vidogo pia. Sitataja ni kipi alichokwenda, kwa sababu shabaha yangu leo si kituo. Nataka tuzungumze kuhusu hilo neno bure.

Hebu tuanze na mbwa mwenyewe. Analetwa kutoka barabarani akiwa mifupa mitupu, kupe wamemjaa masikioni, na pengine mguu umekanyagwa na gari. Huyo atapewa dawa ya minyoo, ya kupe na ya viroboto. Atachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na dhidi ya distempa na parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu unaofagia watoto wa mbwa kwa siku chache tu. Akiwa mzima wa kutosha atafanyiwa operesheni ya kumzuia asizae, na hapo kuna dawa ya usingizi, uzi, dawa ya maumivu na saa za daktari. Siku zote hizo anakula, na anaweza kungoja kwa miezi kabla ya kupata wa kumchukua. Ada ile inasaidia kulipa sehemu ya haya.

Sasa chukua mbwa wa bure, yule unayepewa na mlinzi wa mjengo akiwa ndani ya katoni ya sabuni. Je, gharama hizo zimekukimbia? Hazijakukimbia hata moja. Zinakungoja kwa daktari wa mifugo, moja baada ya nyingine, kwa bei ya rejareja. Na ukiamua kutozilipa, haziishi, zinahamia kwa mtu mwingine. Huko nitarudi.

Kuhusu operesheni, najua wengi wanaume wenzangu hawaipendi. Wanasema mbwa aliyehasiwa hulegea, hawezi kulinda boma. Mimi nasema mbwa hamfokei mwizi kwa sababu anataka kuoa. Anamfokea kwa kuwa mgeni ameingia pahali pake. Isitoshe, mbwa jike hubeba mimba kwa muda wa kama miezi miwili tu, na aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka mmoja. Zile katoni za sabuni zinazotembezwa mtaani hutoka hapo.

Na tuje kwenye hesabu ambayo msikilizaji wetu hakuifanya. Tuseme umejibana sana, unamlisha mbwa wako kwa shilingi 100 kwa siku: ugali, omena kidogo, mifupa na mabaki kutoka buchani. Kwa mwaka ni shilingi 36,500. Mbwa anayetunzwa vyema huishi miaka 10 na zaidi. Miaka 10 ni shilingi 365,000, na bado hatujagusa chanjo ya kila mwaka, mnyororo, mabati ya kibanda, wala ile siku atakayomeza kitu kibaya usiku wa manane. Basi ikiwa ada ya elfu chache inayolipwa mara moja ndiyo iliyokufukuza pale langoni, pengine watu wale wamekusaidia. Wamekuonyesha mlango wa kwanza na wa bei nafuu kuliko yote.

Nilisema gharama usizolipa huhamia kwa mwingine. Miaka michache iliyopita, katika kichochoro tunachoishi, kulikuwa na mbwa mmoja wa rangi ya kahawia. Alilala kwenye lango la nyumba fulani, akalishwa hapo, na usiku akibweka mwenye nyumba hiyo alijisifu kwamba hahitaji kuajiri askari. Mchana lango lilikuwa wazi na mbwa alizurura atakapo. Jioni moja akamng'ata kwenye muundi mtoto wa kike wa miaka saba aliyetumwa dukani kununua maziwa.

Mama yake huuza sukuma wiki na nyanya kando ya barabara. Alifanya jambo moja la busara sana: aliliosha lile jeraha kwa sabuni na maji mengi ya mfereji, robo saa nzima, mtoto akilia na majirani wakimwambia apake mafuta taa. Kisha akambeba hospitalini. Hospitali ya kwanza haikuwa na chanjo siku ile. Ya pili ilikuwa nayo, na akaambiwa mtoto atachomwa sindano tano: siku hiyo, siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Zikawa safari tano, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na siku tano meza ya mboga ikikaa mitupu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu aliyeng'atwa hugharimika kwa wastani wa dola 108 za Marekani, ukijumlisha dawa, nauli na mapato yanayopotea. Kwa muuza mboga hiyo ni biashara yenyewe.

Usiku wa kwanza, yule mama alikwenda kwa mwenye lango akiwa na swali moja tu: mbwa amechanjwa? Jibu alilopewa sijalisahau. "Mama, huyo si mbwa wangu. Huja tu kula hapa."

Msikilizaji, kama hujawahi kuona mtu akiugua kichaa cha mbwa, shukuru. Virusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, mara nyingi kwa miezi miwili au mitatu, pengine kwa siku chache, pengine hata kwa mwaka. Wakati huo wote mtu ni mzima, anacheza, anakwenda shule. Lakini dalili zikishajitokeza, mgonjwa hushindwa kumeza maji, huweweseka, na karibu kila mara hufa. Tiba hapo haipo. Chanjo inayotolewa mapema ndiyo kinga, na tumekuwa nayo tangu Julai 6, 1885, Louis Pasteur alipomtibu mvulana wa miaka 9, Joseph Meister, kule Ufaransa. Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa karibu na Nairobi hii hii. Zaidi ya karne moja imepita tangu siku hiyo. Duniani bado hukadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka, na katika kila watu 100 wanaoupata, hadi 99 huambukizwa na mbwa.

Mtoto wa muuza mboga yu mzima. Yule mbwa alitoweka siku ya tatu, asijulikane alikokwenda, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kumchunguza kwa zile siku 10 madaktari wanazoagiza. Mwenye lango hakutoa hata nauli.

Sasa rudi kwenye maswali yaliyomkera msikilizaji wetu. Lango linafungwa? Nani ataachiwa mbwa Desemba? Weka sahihi yako hapa. Kwa maoni yangu, kitu kinachonunuliwa kwa ada ile ni jina la mtu kwenye karatasi. Mbwa aliyekabidhiwa kwa stakabadhi na cheti cha chanjo ana mwenyewe, na mwenyewe huyo hawezi kuwaambia majirani kwamba mnyama huja tu kula. Yule wa katoni hana mwenyewe hata akikaa kwako miaka mitano. Ni wako usiku wa wezi, na si wako asubuhi ya mtoto aliyeng'atwa.

Hata hivyo sitaki kuwatetea wenye vituo kupita kiasi. Ada ikiwa kubwa, mbwa waliochanjwa na kuhasiwa wataishia katika nyumba zenye bustani, na mitaa ambayo watoto hucheza barabarani itabaki na wale wa katoni. Hatari iko huko zaidi. Lakini deni hili si la vituo vya hisani, ambavyo huishi kwa kuombaomba. Ni la serikali, kuu na ya kaunti. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo fulani, mnyororo wa maambukizo hukatika. Kuwapiga risasi au kuwatega kwa sumu, mambo ambayo mabaraza yetu ya miji yaliyazoea, hakujamaliza kichaa. Nafasi ya waliokufa hujazwa haraka na wengine wasiochanjwa.

Na kuchanja kunawezekana. Ndugu zetu wa kisiwa cha Pemba waliuondoa ugonjwa huu kufikia 2014 kwa kuchanja mbwa. Mwaka 2016 ukaingia tena, wakachanja kisiwa kizima, na kufikia mwisho wa 2018 ukawa umekwisha mara ya pili. Kenya nayo iliandika mpango wake mwaka 2014, wa kumaliza vifo vya watu kufikia 2030, ukianzia kaunti kama Makueni, Machakos, Kitui, Siaya na Kisumu. Mwaka 2030 hauko mbali. Kila Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, huwa kuna sehemu kadhaa ambako mbwa huchanjwa bila malipo. Ningependa kuona meza hizo pale Umoja, Kayole na Mathare, tena si kwa siku moja ya hotuba na kofia za bure.

Kwa msikilizaji wetu, basi, jibu langu ni hili. Tengeneza lango kwanza. Huenda wezi wakapungua hata kabla ya mbwa kufika. Ukae na mkeo muandike ile hesabu ya shilingi 100 kwa siku, kwa bei za duka la kwenu. Mkiona inawalemea, nunueni kufuli na taa ya nje, hakuna aibu. Mkiona mnaiweza, tafuteni jirani au ndugu atakayekubali kumlisha mbwa mkiwa mashambani, kisha rudini kule nyote wawili, pamoja na watoto, ili wamwone mbwa naye awaone. Ulizeni ada ile inajumlisha nini, na dai cheti cha chanjo chenye tarehe ya kurudia. Na ile kamba iache nyumbani. Utahitaji mkanda wa shingoni.