Usiisugue hela ya Mjerumani



Mtu aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge hapa Tanga haelezwi maana ya daraja. Singa zikishatoka kwenye mashine ya korona zinaanikwa, zinapigwa brashi, kisha mpangaji anazitazama urefu, rangi na usafi. Hii daraja la kwanza, hii 3L, hii UG. Korona ikikwangua vibaya, nyama ya jani ikabaki kwenye singa, daraja linashuka. Mpangaji haulizi kosa ni la mashine au la mkono wa mtu. Singa zinakwenda kusokotwa kamba, na kamba haijali nani alikosea.

Lakini kuna mali nyingine ambayo swali hilo la nani alikosea ndilo linaloamua bei yake. Nazungumzia sarafu za zamani, zile ambazo katika nyumba nyingi za Ngamiani, Pangani na Muheza zimelala chini ya masanduku ya bibi zetu.

Neno hela lenyewe ni urithi wa sarafu hizo. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia yao katika heller 100, na sisi watu wa pwani tukaitamka kwa ulimi wetu. Zile za kawaida zilitengenezwa Berlin na Hamburg kwa mitambo mizuri. Vita Kuu ya Kwanza ikaja. Manowari za Waingereza zikaziba pwani yetu mwaka 1915, fedha mpya hazikuja, na serikali ya Wajerumani ikageukia karakana ya reli ya Tabora. Humo, mwaka 1916, zikagongwa hela 5 na hela 20, zenye taji, herufi DOA, mwaka, na chini yake herufi T ya Tabora. Shaba yake ilikuwa ya kuokoteza, yakiwemo maganda ya risasi. Dhahabu ya Sekenke nayo ikagongewa sarafu ya rupia 15 yenye tembo mbele ya milima, zikatoka kama elfu 16 hivi. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaiteka Tabora, kazi ikawa imekwisha.

Sasa fikirini: fundi wa reli, si fundi wa sarafu, shaba ya kuokota, mihuri ya chuma iliyochongwa kwa haraka wakati adui yuko njiani. Hela 20 za Tabora nyingi zilitoka mtamboni zikiwa na vilema. Taji halikusimama vizuri, herufi zimefifia, ukingo haukukaa sawa. Sarafu inaweza kuwa haijawahi kuingia mfuko wa mtu, na bado ikaonekana kama imezunguka sokoni miaka thelathini.

Hapo ndipo watu wetu wanapopunjwa. Anakuja mnunuzi, anaigeuza hela mkononi, anakunja uso: "Mama, hii imelika, haina sura. Nakupa ya soda." Mama wa watu hana la kujibu, anaitoa. Labda kweli imelika. Labda imezaliwa hivyo, na yule bwana anajua.

Tofauti yake inaonekana, hata bila mtaalamu. Tafuta kioo cha kukuzia na ukae penye mwanga. Sarafu iliyolika imeanza kulika kwenye vilele: sehemu zilizoinuka ndizo zimekuwa laini na bapa, na rangi yake imeachana na rangi ya mabondeni. Iliyogongwa kwa nguvu ndogo haiko hivyo. Pale alama ilipofifia utakuta uso wa shaba bado una ukwaruukwaru wake wa awali, na ukigeuza upande wa pili, mara nyingi mahali palepale napo pamefifia, kwa sababu shaba haikutosha kujaza mihuri yote miwili. Tazama na mistari. Muhuri wa chuma ukipasuka, ufa wake huacha mstari ulioinuka juu ya sarafu. Mkwaruzo wa kisu au msumari huchimba ndani. Ulioinuka ni wa karakana. Uliochimba, mara nyingi, ni wa mikono yetu.

Wapimaji wa Marekani hutumia ngazi ya 1 hadi 70, iliyotokana na kipimo alichotoa William Sheldon mwaka 1949. Kwao daraja hupima zaidi kilichoipata sarafu baada ya kugongwa. Kilema cha kuzaliwa hutajwa pembeni. Hii haina maana kwamba kinasamehewa chote. Kati ya hela mbili zisizolika, ile yenye taji lililosimama itauzwa ghali zaidi, kwa kuwa mnunuzi naye ana macho. Wakusanyaji wa vitabu vya katuni huko Marekani wana ubishi uleule: kitabu kilichokatwa upande au kubanwa pini vibaya kiwandani, lakini hakijafunguliwa na mtu, kihesabiwe kibovu au kizima? Hawajaafikiana mpaka leo.

Jambo moja tu halina ubishi. Sarafu iliyosuguliwa imekufa. Sisi tukiona hela imekuwa nyeusi tunakimbilia majivu, mchanga na ndimu, tukidhani tunaipandisha hadhi. Ule weusi ni ushahidi kwamba uso wake haujaguswa. Ukiusugua, mpimaji ataandika kwamba imesafishwa, na wengi wao watakataa hata kuipa namba.

Mfano mwingine tunao hapahapa mkoani kwetu. Mwaka huohuo wa 1916, kwa kukosa stempu kutoka Ujerumani, kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Vuga, kule Usambara, kilichapa stempu za heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Ni stempu zisizo na picha, chapa ya kijijini. Zikafukiwa ardhini zisitekwe na Waingereza, na zilipofukuliwa baada ya vita nyingi zilikuwa zimeharibiwa na unyevu. Leo mkusanyaji wa Ulaya haidharau stempu ya Vuga kwa uchapaji wake wa kimisheni. Uchapaji huo ndio historia anayoinunua. Anachokagua ni doa la unyevu.

Basi wasikilizaji, kabla hujauza, kagua. Usisugue, usitoboe ukaifanya kidani, iweke kwenye karatasi kavu mbali na chumvi ya bahari. Ukitajiwa bei, waulize watu wawili watatu. Na ukiletewa ya dhahabu kununua, uwe na hofu mara mbili, maana za bandia zimejaa. Akikwambia mtu hela yako haina sura, muulize: imeipoteza, au haikupewa?

Hadi wiki ijayo, kwaherini.